Karanga za Jumapili

Sehemu ya 4

ILIPOISHIA: Baada ya kungoja miezi kumi na mitatu ili wapangiwe mtoto, Neema na mumewe Elisha, wakazi wa Louisville, Kentucky, wanapigiwa simu na shirika linaloshughulikia maombi yao. Kuna faili kutoka Burundi. Neema anaambiwa aketi kwanza ndipo asikilize. SASA ENDELEA…

Sikuketi. Nilibaki nimesimama kwenye ukumbi mrefu wa makao ya wazee ninakofanya kazi, nje ya mlango wa bibi wa miaka tisini na moja ambaye nilikuwa nimetoka kumbadilishia mashuka. Simu nimeibana kati ya bega na sikio, mikono bado ina glovu.

"Ni mvulana," yule mama wa shirika alisema. "Umri wake unakadiriwa kuwa miaka minne. Faili nimewatumia sasa hivi. Mna hadi Ijumaa jioni kutupa jibu. Umenisikia, Neema? Mmepangiwa."

Yeye alisema kwa Kiingereza, kwa neno lao. Mimi nililisikia kwa Kiswahili cha Kigoma. Kwetu mwalimu hupangiwa kituo, mkimbizi hupangiwa kambi. Unajaza fomu, unangoja, na siku moja mtu usiyemjua, kwenye ofisi usiyowahi kuiona, analichukua jina lako na kuliweka kando ya jina jingine. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 11 Mei 2015.

Yule bibi akaniita kutoka ndani, anataka maji. Nikampelekea. Nikamshikia kikombe mpaka akamaliza, na sikumwambia lolote, maana ningefungua mdomo tu ningepiga vigelegele katika nyumba ya wagonjwa.

Miezi kumi na mitatu! Watu wa kanisani kwetu walidhani kungoja ni kukaa tu. Laiti ingekuwa hivyo. Kungoja mtoto wa kuasili kutoka nchi nyingine ni kukimbizana na karatasi zinazokufa moja baada ya nyingine. Kibali cha uhamiaji cha Marekani, kile kinachosema kwamba mnafaa kuwa wazazi, kina uhai wa miezi kumi na mitano. Alama za vidole nazo zina mwisho wake. Ripoti ya ustawi wa jamii, ambayo kwa ajili yake mgeni huingia nyumbani kwako, akafungua makabati, akapima joto la maji ya bomba, akabonyeza king'ora cha moshi, kisha akakuuliza baba yako alikuwa akikuchapa kwa makosa gani, nayo huchakaa ikataka kuandikwa upya.

Vidole vyangu ndivyo vilivyotutesa kuliko vyote. Miaka sita ya kunawa kwa dawa kila ninapotoka chumba hiki kuingia kile ilikuwa imefuta mistari yote. Kijana wa mashine alinibana kidole gumba kwenye kioo mara ya kwanza, mara ya tano, mara ya tisa. Mashine ikakataa. "Nenda ukajipake mafuta, urudi," akaniambia kwa upole. Wiki nzima nililala na mafuta ya nazi mikononi, nimevaa soksi viganjani kama mtoto mwenye upele, namwomba Mungu anirudishie vidole vyangu ili niweze kuwa mama. Niliporudi, mashine ikakubali. Kibali kikatoka tarehe 10 Machi 2014. Faili hili la Burundi lilipotufikia, kilikuwa kimebakiza siku thelathini.

Kuna jambo jingine, na hili sijawahi kumwambia mtu isipokuwa Elisha. Kila usiku nilikuwa naomba simu iite. Usiku mmoja wa Novemba, nimepiga magoti kama kawaida, nikatambua ninachokiomba. Ili simu yangu iite, ilikuwa lazima mtoto fulani, upande ule wa ziwa, awe amebaki peke yake. Ilikuwa lazima mama fulani awe amezikwa, au ameondoka asirudi. Nikanyanyuka bila kusema amina. Tangu siku hiyo sala yangu ikawa nyingine: kama yupo ambaye tayari ameachwa, Bwana, asingoje sana.

Hata hivyo niliendelea kuitamani ile simu. Kwetu mwanamke aliyeolewa haitwi kwa jina alilopewa na wazazi wake. Huitwa Mama Fulani. Nina miaka tisa ya ndoa. Wanawake wa jumuiya yetu ya Warundi na Wakongo hapa Louisville husema "Mama…" wakanitazama, wakasita, ndipo wakamalizia "…Neema." Hawana ubaya. Lakini kule kusita kwao ninakusikia hata usingizini.

*

Jioni ile hatukula. Elisha hupakia mizigo ya ndege usiku, zamu yake inaanza saa tano, kwa hiyo tulikuwa na muda. Nilifuta meza ya jikoni mara mbili, kana kwamba mtoto mwenyewe ndiye atakayelazwa pale, kisha tukafungua kompyuta.

Kurasa zilikuwa kumi na nne. Saba za Kifaransa, ndizo za asili, zina mihuri ya Bujumbura. Saba za Kiingereza, tafsiri ya shirika. Na picha moja.

Mvulana amesimama mbele ya ukuta wa saruji, amevaa shati la kijani linalomfika magotini. Hacheki wala halii. Anamtazama mpiga picha kama mtu anayesubiri aambiwe sasa aende wapi. Mkono wa kushoto umelegea. Wa kulia ameukunja ngumi, ameubana tumboni.

"Ameshika nini?" nikauliza.

Elisha hakujibu. Alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Jina lake makaoni ni Irakoze, ambalo kwa Kirundi ni neno la kumshukuru Mungu. Uzito kilo 13. Chanjo kamili. Hulala vizuri, huogopa sauti ya mvua. Hapo ndipo nilipoelewa, kabla hata sijafika mstari uliofuata. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa ilinyesha Bujumbura, maji yakashuka kutoka milimani na kuzoa nyumba za upande wa kaskazini mwa jiji watu wakiwa wamelala. Zaidi ya sitini walikufa. Sisi huku tulichanga fedha kanisani. Irakoze aliokotwa asubuhi yake, akapelekwa polisi, kisha makaoni. Ukurasa wa Kiingereza ulisema: hana ndugu wanaojulikana.

Februari. Mwezi mmoja kabla ya kibali chetu. Usiku ule wa Novemba nilipokuwa naogopa sala yangu, yeye alikuwa amekwisha kukaa miezi tisa bila mtu.

"Elisha," nikasema, "ni wetu."

Mume wangu alikuwa amerudi kwenye kurasa za Kifaransa. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972, yeye akazaliwa Uvira, upande wa Kongo, akasoma shule kwa Kifaransa hadi vita vilipowafukuza na huko. Nadhani wanandoa wengi wanaopokea faili kama lile husoma tafsiri tu, maana hawana la kufanya na zile za asili. Elisha alizisoma zote saba, polepole, kidole kikifuata mistari kwenye kioo. Kwenye ukurasa wa tano kikasimama.

"Hapa pembeni pameandikwa kwa mkono."

Akakuza. Ulikuwa mwandiko mdogo wa kulala, wino wa bluu, nusu yake umepita juu ya muhuri. Maneno manne au matano. Aliinamisha shingo, akanyanyuka, akainama tena.

"Sœur, siku ya Jumapili," akasoma. "Karanga."

"Basi?"

"Basi. Ndivyo ilivyoandikwa."

Kwenye tafsiri ya Kiingereza maneno hayo hayakuwepo. Sisemi waliyaficha. Aliyetafsiri alitafsiri kilichopigwa chapa, na mwandiko ule hata mimi nisingeutambua kuwa ni maneno.

"Ni sista," nikasema haraka. "Sista wa kanisa. Jumapili, baada ya misa, huwapitia watoto na karanga."

"Inawezekana."

"Inawezekana vipi? Ndivyo ilivyo!"

Elisha alinigeukia. "Neema, kwa Kifaransa sista ni sœur. Na dada ni sœur. Neno ni lilelile."

Jokofu liliunguruma, likanyamaza. Kiswahili chetu kina sista na kina dada, na hakuna mtoto wa Ujiji anayeweza kuyachanganya. Na sasa maisha yetu yote yalikuwa yamening'inia kwenye neno moja la lugha nisiyoijua.

Nilitaka awe sista. Naliandika hili wazi, kwa sababu anayesoma anastahili kujua nilivyokuwa usiku ule. Nilitaka kwa moyo wangu wote mtoto yule asiwe na mtu duniani.

"Rudi kwenye picha," Elisha akasema.

Akaikuza ile ngumi mpaka ikajaa kioo chote. Kati ya kidole cha shahada na cha kati, kilikuwa kimechomoza kipande cha kitu cha rangi ya mchanga, chenye mikunjo.

Ganda la karanga.

*

Jumanne asubuhi niliwaandikia shirika. Niliuliza kwa adabu: maandishi ya pembeni kwenye ukurasa wa tano yanamhusu nani? Jibu lilikuja mchana. Walisikitika kwamba hawakuyaona. Wangeuliza Bujumbura, lakini tangu tarehe 26 Aprili jiji lilikuwa kwenye maandamano, barabara zimewekwa vizuizi, ofisi zinafunguliwa saa chache au hazifunguliwi kabisa. Zaidi ya hayo, wakatukumbusha, sisi wenyewe tusimtafute mtu yeyote kule.

Tulilijua hilo. Katika zile saa kumi za mafunzo ya lazima tulisomeshwa Mkataba wa Hague wa 1993. Mtoto kwanza atafutiwe nyumba katika nchi yake. Akikosa ndipo macho yatazame nje. Na Ibara ya 29 inakataza wanaotaka kuasili wasikutane na wazazi wala walezi wa mtoto kabla taratibu hazijakamilika. Ni katazo zuri. Limewekwa kwa sababu watoto wamewahi kununuliwa, na kwa sababu mama mwenye njaa akikaa meza moja na mgeni mwenye dola, ridhaa yake si ridhaa tena. Niliposomeshwa nilitikisa kichwa kukubali. Sikufikiria hata kidogo kwamba ningekuja kulikumbatia kwa sababu nyingine: kwamba linanipa ruhusa ya kutouliza.

"Ofisi zimeshafanya kazi yake," nilimwambia Elisha jioni. "Mihuri ipo. Wao ndio wanaojua kama ana ndugu. Tukikataa faili linakwenda kwa familia nyingine, na hao hawatausoma huo ukurasa wa tano."

"Najua."

"Sasa?"

Alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazi. "Sasa naenda kazini," alisema, na hakunitazama usoni. Elisha anapoacha kunitazama usoni, kuna jambo.

Jumatano, tarehe 13, aliingia nyumbani saa moja na nusu asubuhi, simu sikioni, kofia ya kazi bado kichwani. Kule Burundi ilikuwa saa saba na nusu mchana. Jenerali mmoja alikuwa ametangaza redioni kwamba Rais Nkurunziza ameondolewa madarakani, na Rais mwenyewe yuko Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika Mashariki. Watu walikuwa barabarani, wengine wanacheza, wengine wanafunga virago.

Kabla sijasema neno, simu yangu nayo ikaita. Mama, kutoka Ujiji.

"Mwanangu, mmesikia? Huku watu wanamiminika. Kagunga pamejaa, maelfu kwa maelfu, wamelala ufukweni bila hata turubai, na kuhara kumeanza. Wanasema Liemba ndiyo itakayowabeba."

Liemba! Meli ya Wajerumani iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, na mwaka ule ilikuwa inatimiza miaka mia. Nikiwa mdogo tulikuwa tunakimbilia ufukweni kusikiliza honi yake.

"Na yule mtoto wenu?" Mama akauliza. Nilikuwa nimemwambia Jumatatu ileile, nilishindwa kujizuia. "Yuko upande upi wa mji?"

Sikuwa na jibu. Nilipogeuka kumtafuta Elisha hakuwepo sebuleni. Nikamsikia nyuma, kwenye ngazi za kushukia uani, anazungumza kwa sauti ya chini, Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi.

"…hapana, usiende leo. Usiende, nakwambia! Umemwona lakini? Ana umri gani?"

Nikafungua mlango.

Alikata simu. Tukatazamana, yeye kakaa ngazi ya tatu, mimi nimesimama juu yake na kanga ya usiku.

"Unaongea na nani?"

"Shabani."

Shabani ni mtoto wa baba yake mdogo. Anakaa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ana duka la vipuri vya baiskeli.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu usiku. Nilimtumia jina la makao. Nilimwambia aulizie tu, mtaani, bila kuingia ndani."

Nilihisi miguu inaniishia. "Elisha, unajua ulichokifanya? Wakijua, tumekwisha. Si Irakoze tu. Hatutapangiwa mtoto mwingine maishani."

"Najua."

"Acha kuniambia unajua!"

Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Oktoba 1996," akasema, "tulipotoka Uvira, nilikuwa nimemshika Riziki mkono. Alikuwa na miaka mitano. Barabara ya kwenda Baraka ilijaa watu, kukatokea mlipuko, kila mtu akaruka pembeni. Niliponyanyuka nilikuwa nimeshika mkono wa mtoto mwingine."

Hadithi ya Riziki, mdogo wake, niliijua. Ile ya mkono wa mtoto mwingine sikuwahi kuisikia.

"Miaka kumi na tisa, Neema. Mpaka leo nikimwona msichana wa makamo yake sokoni napunguza mwendo. Kama kuna mtu aliyemchukua akamlea, Mungu ambariki. Lakini kama mtu huyo alisoma mahali kwamba ana kaka, akageuza ukurasa…"

Hakumaliza. Na mimi, niliyekuwa nimejiandaa kupiga kelele, nikashuka ngazi mbili, nikakaa karibu naye. Nyasi za uani zilikuwa na umande. Tulikaa hivyo mpaka jirani alipowasha gari.

"Shabani amesema nini?" hatimaye nikauliza.

"Amesema sista hayupo. Hakuna sista anayekwenda pale Jumapili."

*

Alhamisi tangu alfajiri simu za Bujumbura hazikushikika. Redio zilikuwa zimechomwa. Taarifa zilisema wanajeshi wanapigana wao kwa wao, wakigombea kituo cha redio ya taifa. Elisha alirudi kutoka zamu, akajaribu namba ya Shabani mara nyingi mpaka usingizi ukamchukua kwenye kochi, simu kifuani.

Mimi nilikuwa na siku ya mapumziko. Nilikaa mezani na barua niliyoianza kuandika kwa shirika. Nilikuwa nimeandika mistari miwili: tunashukuru kwa faili, na jibu letu ni… Hapo kalamu ilikuwa imesimama kwa saa nzima.

Saa tano asubuhi simu ya Elisha ikatetemeka. Namba inaanza na 257. Niliichukua kabla haijamwamsha, nikaingia nayo jikoni.

"Shemeji?" Sauti ya Shabani ilikuwa inahema. Nyuma yake ilisikika milio, pa, pa, pa, kama mtu anayetwanga kwa mbali. "Shemeji, sina muda, salio linakwisha. Amekuja mwenyewe dukani kwangu. Anakaa kwa mama mmoja anayekaanga karanga za kuuza. Mkubwa kidogo, miaka kumi na moja hivi, kumi na miwili. Nilimwambia asitoke ndani leo, hakusikia. Ongea naye."

"Shabani, ngoja, mimi siruhusiwi…"

Lakini simu ilikuwa imekwisha kubadilishwa mkono. Nikasikia pumzi za mtu mdogo aliyekimbia.

"Jambo, mama."

Nilishika ukingo wa sinki. "Jambo, mwanangu."

"Mzee Shabani anasema ni nyinyi mnaomtaka Irakoze."

Koo langu lilikauka. Sebuleni niliona miguu ya Elisha ikijongea kwenye kochi, kisha nikamwona yeye mwenyewe mlangoni, macho mekundu, anauliza kwa mkono: nani? Nikabonyeza kipaza sauti, nikaiweka simu mezani katikati yetu, juu ya ile barua.

"Mama, uko hapo?"

"Nipo. Nakusikia."

"Nimekwenda sasa hivi kumwangalia, kwa sababu ya risasi. Yeye huogopa kelele. Nimemchukulia karanga zake." Akanyamaza, akameza mate. "Geti liko wazi. Nimeingia mpaka vyumbani. Vitanda vipo, sahani zipo, uji upo kwenye sufuria. Watoto hawapo. Hata mlinzi hayupo."

Elisha alikishika kiti.

"Sijui niulize nani," sauti ile ikasema, na sasa ilikuwa imeanza kukatika. "Mama, naomba uniambie tu. Mmemchukua? Mmempeleka wapi mdogo wangu?"

Mlio mmoja ukasikika, wa karibu mno. Simu ikakatika.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO